Baraka za Mungu katika familia (3): Nyumba isiyo na mtoto

Makala mbili zilizotangulia zilihusu riziki na afya. Leo nimefika kwenye baraka ambayo kwetu Usukumani na visiwani hutajwa kabla ya nyingine zote, na kwa sababu hiyohiyo huwaumiza wengi: watoto.

Nenda kanisa lolote la Nyamagana siku ya shukrani, liwe la Igoma, Butimba au Mabatini. Wanaopita mbele na sadaka zao wanamshukuru Mungu kwa mama aliyejifungua salama, kwa kiwanja kilichopatikana Buhongwa, kwa kijana aliyeajiriwa. Ni haki yao; hata Zaburi ya 128 inawahesabu watoto miongoni mwa baraka za mcha Mungu. Lakini wapo mke na mume waliofunga ndoa zamani, hawajapata mtoto, nao hawainuki kwenye benchi. Hakuna aliyewakataza kushuhudia. Wameshaaminishwa kwamba kwao baraka haijabisha hodi.

Ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, aliishi mtu aliyeifahamu hali hiyo. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa Mapadre Weupe wa Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, Bukoba. Hakufikia upadre. Alimwoa Anna Katura, wakazaa, na watoto wao wote wakafa wangali wadogo. Ndugu zake na desturi vingemruhusu atafute mke mwingine. Hakufanya hivyo. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Miaka ikapita bila mchapishaji; akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, naye akafa mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Riwaya hiyo inasimulia Ukerewe ya kabla ya wamisionari. Bugonoka hana mtoto. Ndugu wa mumewe wanamsimanga hadi wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anashauriwa aoe mwingine. Yeye anafunga safari kwenda ukweni, anajishusha, anatozwa pombe ya ndizi kama fidia, na anahangaika kuipata ili mkewe arudi nyumbani. Hapo mtoto hayupo bado, wala dalili yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura kubwa ya kitabu, kuliko zile za baadaye ambapo mganga anawatibu na watoto wawili wanazaliwa. Kitereza aliwapa wahusika wake watoto ambao yeye hakubaki nao, lakini mapenzi yao aliyatanguliza. Na inachekesha kidogo kwamba kielelezo kizuri hivi cha ndoa, kilichoandikwa na Mkristo, ni cha watu ambao hawakuwahi kusikia mahubiri. Semina zetu za wanandoa zingekisoma.

Mafundisho ya Kanisa Katoliki yako upande wa Myombekere. Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa inasema utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Yohane Paulo II, katika wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alieleza kwamba ndoa isiyojaliwa watoto haipotezi thamani yake, na kwamba wenzi hao wanaweza kuzaa matunda kwa njia nyingine: kuasili, kulea, kusaidia familia nyingine. Katika Samweli wa Kwanza, Elkana anamgawia Hana fungu la heshima mezani wakati bado hana mtoto, na anamuuliza kama yeye mumewe si bora kuliko wana kumi. Wahubiri wengi hulipita swali hilo mbiombio ili wafike kwa mtoto Samweli.

Basi tuchunge ndimi zetu. Tukimwambia mke wa mtu, “Mungu atakukumbuka tu, mwanangu,” tunamaanisha mema, lakini yeye anasikia kwamba amesahauliwa. Mume ambaye mama yake amemwita kando na kumshauri “atafute pengine”, naye akarudi jioni kula na mkewe kama kawaida, ana la kushuhudia mbele ya madhabahu. Apewe nafasi.

Wala kutambua kwamba mapenzi ya ndoa yenyewe ni baraka si kukaa bila kutafuta tiba. Nendeni hospitali wote wawili, maana tatizo huwa pia kwa mwanamume, ingawa mashambani na mjini lawama humwangukia mwanamke kabla ya kipimo chochote. Mkristo anayekwenda hospitali kubwa kama Bugando hajapunguza imani. Wanaokosea ni wale wanaowauzia wenzi hawa maombi kwa bei.

Juma lijalo nitaeleza kuasili na malezi ya kambo kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: nani anaruhusiwa, ofisa ustawi wa jamii anatazama nini nyumbani mwenu, na kwa nini mtoto wa ndugu aliyeletwa tu kukaa kwenu hajawa wenu kisheria.