Nyumba kuukuu za Bujumbura: Hatari iliyojificha katika mabomba ya maji

Maji yanaporejea baada ya kukatika katika mitaa ya Buyenzi, Bwiza au Ngagara mjini Bujumbura, wakazi wengi hufungua bomba na kuyaacha yatiririke mpaka rangi ya hudhurungi iishe. Rangi hiyo ni kutu, na kutu yenyewe haina madhara makubwa kwa mnywaji. Linalostahili kuwatia watu wasiwasi ni lile lisiloonekana kwa macho.

Mitaa hiyo ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya jiji. Buyenzi, ngome ya wasemaji wa Kiswahili nchini Burundi, ulikuwepo tangu mji ukiitwa Usumbura chini ya utawala wa Wabelgiji, na Ngagara ulijengwa katika miaka ya 1950. Katika nyumba za umri huo, mabomba ya kawaida yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki. Zinki ni ngao: huliwa polepole kwa niaba ya chuma, na inapokwisha, kutu huanza kujijenga ndani ya bomba. Bomba la namna hiyo hukadiriwa kudumu miaka 40 hadi 50. Lililofukiwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962, na ambalo halijabadilishwa, limekwisha kupita umri wake.

Dalili ya kwanza huwa ni maji kutoka kwa unyonge wakati jirani anayapata vizuri. Watu hulaumu shirika la maji na umeme, REGIDESO, na mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini kama ni nyumba moja tu inayoteseka, aghalabu bomba lake limezibwa na kutu hadi nafasi iliyobaki haizidi unene wa kidole. Kuna pia chumvi za madini. Jiji hutegemea kwa kiasi kikubwa maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo yana asili ya magadi na madini mengi yaliyoyeyuka. Yanapochemshwa mara kwa mara huacha ukoko mweupe katika birika na vyombo vya kupashia maji.

Hatari kubwa, hata hivyo, hutokea pale bomba linapokuwa tupu. Maji yakiwa na msukumo, tundu dogo huvujisha maji nje, na hasara ni ya fedha tu. Umeme unapokatika na pampu kusimama, msukumo hutoweka. Maji yaliyosalia huteremka kuelekea sehemu za chini za mtandao, na nyuma yake bomba huanza kunyonya, kama mtu anayevuta kinywaji kwa mrija. Tundu lile lile sasa huingiza ndani chochote kilichoko nje. Katika viwanja vilivyobanana, bomba la zamani huweza kupita hatua chache tu kutoka choo cha shimo au mfereji wa maji machafu. Pampu ndogo ambazo baadhi ya wenye uwezo huziunganisha moja kwa moja na bomba la mtaani huzidisha unyonyaji huo, na anayeathirika ni jirani.

Hilo si jambo la kinadharia katika jiji hili. Mwanzoni mwa Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Bujumbura, na maradhi hayo yamezoeleka katika maeneo ya kandokando ya ziwa. Maji yanayopita kwenye bomba bovu, hata yakiwa yametibiwa vema kiwandani, yanahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini kabla ya kunywewa, hasa yale ya saa za mwanzo baada ya kurejea.

Kugundua uvujaji uliofichika hakuhitaji fundi. Usiku, funga mabomba yote, andika namba zilizopo kwenye mita, kisha zisome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kuteka maji. Zikiwa zimesogea, maji yanapotea mahali fulani baada ya mita, njiani au ndani ya nyumba. Hata bomba linalodondosha tone moja kila sekunde si la kupuuzwa: siku ina sekunde 86,400, na kwa tone la robo mililita hasara ni zaidi ya lita 20. Hapo tiba kwa kawaida ni mpira mdogo ulio ndani ya koki, ambao bei yake ni ndogo mno.

Bomba la chuma lililooza ni suala jingine. Wengi hulifunga kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli na waya. Kwa usiku mmoja inakubalika. Kwa miezi sita, hapana, kwa sababu kiraka kinachozuia maji kutoka hakizuii uchafu kunyonywa. Kukata kipande na kuunga plastiki nako kuna mipaka yake, kwani msukumo ukirudi huhamia kwenye sehemu dhaifu inayofuata. Mwenye uwezo heri abadilishe mstari wote kuanzia kwenye mita, aupitishe mbali na choo, na auzike chini, maana plastiki ya kawaida ikipigwa na jua hukauka na kupasuka.

Matangi nayo husahauliwa. Tangi lisilofunikwa, au lenye tope chini, huharibu maji yaliyoingia yakiwa safi. Baada ya kulisugua, lijaze maji na utie lita moja ya klorini ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000, uliache usiku kucha, kisha umwage maji hayo yote bila kuyatumia.

Katika milima iliyo juu ya jiji, ambako vijiji hupata maji ya chemchemi yanayoteremka yenyewe, adha kubwa ni mchanga na hewa inayokwama mahali bomba linapopanda kilima kidogo. Koki ya kutolea hewa hapo juu na nyingine ya kusafishia bondeni huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo.

Mjini, ugumu huwa katika umiliki. Kaya kadhaa hupanga uga mmoja, hutumia mita moja na kugawana ankara, hivyo uvujaji hulipwa na wote bila kuonwa na yeyote. Daftari la namba za mita, linaloandikwa usiku na alfajiri kwa wiki moja, humpa mpangaji hoja ya kumpelekea mwenye nyumba.