Mamlaka, Kinga na Utwaaji: Istilahi za Mashauri ya Mali za Sanaa

Neno mamlaka limebebeshwa mzigo mzito. Dola ina mamlaka, waziri ana mamlaka, na mahakama nayo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri. Aghalabu muktadha humwokoa msomaji. Lakini yapo mashauri ambamo maana hizo hukabiliana ana kwa ana, na mojawapo ni lile la mtu anayeidai dola ya kigeni, mbele ya mahakama ya nchi nyingine, mali ya sanaa iliyotwaliwa.

Tuchukue mfano wa shauri la Maria Altmann dhidi ya Austria. Ami yake, Ferdinand Bloch-Bauer, alikuwa na picha za mchoraji Gustav Klimt mjini Vienna. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 alikimbia, mali zake zikachukuliwa, na hatimaye picha hizo zikawa katika jumba la sanaa la taifa. Mwaka 2000 Bibi Altmann, raia wa Marekani, alifungua shauri California akidai picha sita. Austria ikajibu kwamba ina kinga. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 huipa dola ya kigeni kinga hiyo, kisha hutaja hali zinazoiondoa, mojawapo ikiwa ni mali iliyotwaliwa kinyume cha sheria ya kimataifa. Tarehe 7 Juni 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba sheria hiyo yahusu hata matendo yaliyotangulia kutungwa kwake.

Hapa ndipo mfasiri hujikwaa. Akiandika kwamba mahakama "ilimpa Bibi Altmann haki ya picha", amepotosha. Mahakama ilisema tu kwamba shauri laweza kusikilizwa. Suala la umiliki liliamuliwa na wasuluhishi watatu huko Austria, ambao Januari 2006 waliamuru picha tano zirudishwe kwa warithi. Kwa hiyo twapendekeza iandikwe kwa ukamilifu "mamlaka ya kusikiliza shauri", hata ikirefusha sentensi, na uwezo wa dola uitwe "ukuu wa dola".

Kinga haina taabu. Imo katika Katiba ya Tanzania, ibara ya 46. Isiitwe msamaha tu, kwani anayesamehewa amekwisha kuhesabiwa mkosaji.

Taabu kubwa iko katika tendo lenyewe. Kutaifisha, kwa msomaji wa Tanzania, kunakumbusha mabenki ya mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha: tendo la serkali lililotangazwa hadharani kwa manufaa ya umma. Neno hilo laweza kulitakasa tendo linalolalamikiwa. Kupora nako humhukumu mdaiwa kabla ya jaji. Kutwaa hakuelemei upande wowote, nasi twaliona ndilo lifaalo.

Tofauti hii si ya urembo. Warithi wa wafanyabiashara Wayahudi wa Frankfurt waliidai Ujerumani hazina ya vyombo vya kanisa vya zama za kati, iliyouzwa kwa dola ya Prussia mwaka 1935, wakisema mauzo yale yalikuwa ya kulazimishwa. Tarehe 3 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba hali ile ya kuondoa kinga yategemea sheria ya kimataifa ya utwaaji wa mali, na sheria hiyo haigusi dola inayotwaa mali ya raia wake yenyewe. Majaji hawakusema kwamba hakuna dhuluma iliyotendeka. Msomaji aliyepewa neno "uporaji" hawezi kuielewa hukumu hiyo. Ataona majaji wamekiri wizi kisha wakageuza uso. Na kwa kuwa hapo palikuwa na mkataba, mfasiri aandike "mauzo yanayodaiwa kuwa ya kulazimishwa", bila kuona haya ya urefu wake.

Kukamata mali tuwaachie madalali wa mahakama, ambao hukamata kwa amri baada ya hukumu.