Chumvi Iliyobaki Njiani

Kilichonikera ni madumu mawili. Kiangazi, pembeni mwa korongo moja nje ya Dodoma, muuza maji mwenye mkokoteni alikuwa na bei mbili: maji ya shimo la mchangani ghali, ya kisima nafuu. Kisima chenyewe hakiko mbali, ukipiga mluzi anayechota mchangani anageuka. Nikaonja. Ya mchangani matamu. Ya kisimani sabuni haitoi povu, na chai yake ina ladha ya sarafu. Mvua ni ileile, bonde ni lilelile. Chumvi imetoka wapi?

Nikayapeleka kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa maabara ya maji. Akacheka.

"Kijana, usiulize chumvi imetoka wapi. Uliza maji yamekwenda wapi."

Alimimina maji ya mchangani kwenye chupa ya kioo, akatia matone ya kromati. Yakawa manjano kama maji ya pasheni. Juu yake bureti, mrija mrefu wenye koki chini, ndani nitrati ya fedha isiyo na rangi. Tone likaanguka. Wingu jeupe, na katikati doa jekundu lililotoweka alipozungusha chupa. Fedha, alisema, huikimbilia kloraidi, ile ya chumvi, kwanza. Kloraidi ikiisha ndipo inaigeukia kromati, na chupa nzima hubadilika. Vidole vyake vina madoa meusi ya fedha hiyo, sabuni haiyatoi. Matone machache tu, maji yakawa rangi ya tofali.

Ikaja zamu ya kisima. Tone. Tone. Doa linakuja, linakwenda. Bureti ikaisha, akaijaza tena bila neno. Mimi miguu iliniuma, yeye hakupepesa.

Mvua huja na kloraidi kidogo mno, akaeleza huku akisuuza. Jua huchukua maji na kuiacha. Mizizi nayo karibu vilevile. Mawe hayaishiki. Basi maji yanayopenya polepole kwenye udongo wa shamba hufika chini yakiwa haba, na mzigo wote wa chumvi. Yaliyoshuka na mafuriko yakazama kwenye mchanga wa korongo, jua halikuyawahi.

"Pale ndipo ardhi ina koo," alisema.

Nikataka kushangilia, akanizuia. Kloraidi hutoka chooni pia, ndiyo maana hupima pia nitrati, ambayo nayo hutoka huko. Halafu kuna oksijeni nzito, takriban atomi 1 katika kila 500. Maji yakikauka juani, mepesi hutangulia kupaa na mazito hubaki. Mizizi haichagui. Kwa hiyo maji yenye chumvi nyingi ambayo hayakuongezeka uzito yanaelekea kuwa yalipunguzwa na mimea, wala si jua la dimbwini. Kipimo hicho kinahitaji mashine ambayo mzee hana. Chupa zangu mbili bado zinasubiri.

Na ardhi hunywa kwa nadra. Makutupora, kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma, vina vya maji vimepimwa tangu miaka ya 1950. Watafiti waliochambua miaka 55 ya vipimo hivyo walichapisha mwaka 2013 kwamba misimu saba ya mvua kubwa ilileta asilimia 60 ya maji yaliyoingia ardhini. Msimu wa El Niño wa 1997/98 peke yake, takriban moja ya tano. Misimu saba! Katikati yake ni kuchota tu, na mji siku hizi ni makao makuu ya nchi.

Nilimuuliza mzee: wakichimba mchanga wa korongo, koo hilo linapanuka au linaziba? Alikaa kimya kwa muda.

"Hilo bureti hainiambii."

Niliporudi korongoni, lori lilikuwa limerudi nyuma hadi ukingoni mwa lile shimo la maji matamu. Vijana wanne walikuwa wakipakia kwa koleo. Mchanga wa chini ulikuwa umelowa bado, ukidondosha maji kwenye bodi la lori.