Jaji Maraga na Neno 'Batili'

Tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga alitangaza uamuzi wa Mahakama ya Juu, majaji wanne dhidi ya wawili: uchaguzi wa urais wa Agosti 8 haukufuata Katiba. Barani Afrika, kumpokonya ushindi rais aliye kitini halikuwa jambo la mazoea! Maraga alikuwa amepanda ngazi hatua kwa hatua: Mahakama Kuu mwaka wa 2003, ya Rufaa 2012, Jaji Mkuu Oktoba 2016.

Nami, mwanaisimu, nilivutwa na jambo dogo. Kiingereza cha sheria kilitumia maneno matatu kuelezea maana ambayo Kiswahili huikamilisha kwa moja: batili. Lakini raia asiyejua Kiingereza, ambaye kura yake ndiyo iliyokuwa ikipimwa, alingoja afasiriwe. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, sheria ya kesi za madai ilikuwa bado ikikitaja Kiingereza pekee kuwa lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa. Kiisimu, sioni hoja inayoutetea ubaguzi huo.

Septemba 2020 Maraga alimshauri Rais avunje Bunge, kwa kuwa halikutunga sheria ya kuzuia jinsia moja kuzidi thuluthi mbili ya viti. Ushauri huo nao uliandikwa kwa Kiingereza. Alistaafu Januari 2021.