MSHIPI ULIO NDANI YA TUMBO

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na kwa kuwa ni wa kutwa, kila jioni huteka maji kisimani. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, nami niliubeba kwa mkono mmoja. Muhula wa kwanza mgongo ukanishika, hata kuinama kufunga kamba za viatu ikawa taabu. Mama akaanza kubeba zamu yangu. Hilo liliniuma kuliko mgongo wenyewe.

Nilidhani dawa ni tumbo gumu kama la bondia. Basi kila asubuhi nikawa nalala chali na kuinuka mara 100. Wapi! Maumivu yakazidi. Ndipo mwalimu wetu wa michezo akaniambia ati naichosha misuli ya nje, ilhali ile ya ndani imelala.

Hebu tazameni mlingoti wa antena. Haukosi kuanguka kwa nguvu zake, bali kwa waya zinazouvuta pande zote. Uti wa mgongo nao ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Waya zake ni misuli midogo iliyoshika pingili hizo, na msuli mpana uliozunguka tumbo kama mshipi. Juu kuna msuli wa kupumulia, na chini ile tunayobania mkojo (samahani, lakini ndivyo ilivyo). Yote ikikaza pamoja, tumbo huwa kama mpira uliojaa upepo.

Mwaka wa 1996, watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walionyesha jambo la ajabu. Mtu asiyeumwa mgongo akiinua mkono, mshipi huo hukaza kabla mkono haujasonga. Kwa wenye maumivu ya mgongo, ulichelewa.

Zoezi lenyewe ni hili. Piga magoti, viganja chini, kama ng'ombe. Vuta kitovu ndani kidogo bila kuzuia pumzi. Nyosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, hesabu hadi kumi, kisha badilisha. Weka daftari kiunoni, likianguka, umeyumba. Siku ya kwanza nilianguka mimi na daftari, mdogo wangu akacheka hadi machozi. Lakini maumivu yakishuka mguuni na mguu ukafa ganzi, jamani, nenda hospitali.

Siku hizi nabeba mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Mama bado husimama mlangoni kunitazama nikiinama kuiinua.