Mbegu ya Soya na Ngano: Yafaayo Kujulikana Kabla ya Kuipakia Basini

Wakazi wengi wa kata zetu wana mashamba mbali na hapa. Yupo aishiye Buguruni na kulima Songea. Yupo mwenye biashara Gerezani na ekari zake ziko Njombe au Karatu. Pembejeo hununuliwa Kariakoo na kusafirishwa kwa basi. Makala haya yanawahusu hao, pamoja na wakulima wa Chanika na Msongola wanaofikiria kujaribu soya.

Kosa linalojirudia ni kununua soya ya chakula, ile inayosagwa kuwa unga wa lishe au kuchanganywa katika chakula cha kuku, na kuipanda shambani. Soya hupoteza uwezo wa kuota mapema kuliko mahindi, hasa ikihifadhiwa penye joto na unyevunyevu kama wa pwani yetu. Gunia laweza kupendeza macho ilhali punje nyingi zimekwisha kufa. Njia ya kuhakiki ni rahisi: hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kilicholowa, ziweke kivulini na kukilowesha kitambaa kila kinapokauka. Baada ya siku 7, hesabu zilizochipua vizuri. Zikifika 80, mbegu inafaa. Zikiwa chini ya nusu, tafuta nyingine. Hasara ya gunia ni nafuu kuliko hasara ya msimu.

Mbegu iliyothibitishwa hubeba lebo ya TOSCI, taasisi ya Serikali inayosimamia ubora wa mbegu. Kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kimetoa aina zinazobeba jina lake, zikiwamo Uyole Soya 1 na Uyole Soya 2. Muulize muuzaji aina kwa jina. Akijibu tu kwamba “ni soya nzuri”, nenda duka jingine.

Jambo la pili ni bakteria. Soya hujipatia naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria waitwao raizobia, wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Zao hili ni geni kwetu. Lilijaribiwa Amani, Tanga, mwaka 1907, na udongo wa mashamba mengi hauna raizobia wanaolifaa. Ndiyo maana watafiti hushauri mbegu ipakwe chanjo ya raizobia siku ya kupanda. Chanjo hiyo ni viumbe hai. Ikiachwa juani dirishani mwa duka, au ikisafiri siku nzima karibu na injini ya basi, mkulima hupanda unga mtupu uliolipiwa fedha. Inunue mwishoni kabla ya safari, tazama tarehe ya kuisha muda, ibebe penye ubaridi, na usiichanganye na mbolea. Soya inapotoa maua, ng’oa mche na upasue kinundu: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi.

Ngano ni zao la nyanda za juu, hivyo wa Chanika wasijisumbue nayo. Kwa wenye mashamba Hanang, Karatu au Makete, hofu kubwa ni magonjwa ya ukungu. Kutu ya shina iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998 na ikashinda kinga ya aina nyingi za ngano zilizotegemewa duniani. Huko Njoro, Kenya, ngano kutoka nchi nyingi hupandwa makusudi penye ugonjwa huo ili zinazostahimili zibainike. Kwa upande wetu, utafiti wa ngano hufanyika Selian, Arusha. Mwaka 2018 blasti ya ngano, inayokausha masuke yakabaki meupe bila punje, ilionekana Mpika, Zambia, katika jimbo linalopakana nasi. Kutu husafiri kwa upepo, lakini blasti husafiri pia ndani ya mbegu. Mfuko wa ngano uliovushwa Tunduma kama zawadi waweza kuleta balaa kwa wilaya nzima. Mbegu ya kutoka nje sharti ipitie ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Tahadhari ya nyumbani: mbegu iliyopakwa rangi imewekwa dawa. Isisagwe, isipikwe, wala wasipewe kuku, hata ikibaki nyingi.

Mwenye lebo anayoitilia shaka, au jaribio la uotaji lililomshinda, aende na mfuko wenyewe na risiti yake kwa Afisa Ugani wa kata. Pasipo na afisa huyo, Ofisi ya Mtendaji wa Kata itamwelekeza panapohusika.