Kuvuja kwa Oili katika Giaboksi la Land Rover la Kale

Land Rover za mifululizo mitatu ya mwanzo, zilizoundwa Uingereza kati ya mwaka 1948 na 1985, zina breki ya mkono isiyokamata magurudumu, bali shafti itokayo nyuma ya giaboksi. Oili ikivuja hapo hulowesha viatu vya breki, na gari lililoegeshwa mteremkoni huweza kuondoka lenyewe.

Oili huzuiwa na sili, yaani pete yenye mdomo mwororo unaobana flanji inayozunguka. Mara nyingi sili hubadilishwa, lakini oili huvuja tena. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni msuguano. Mdomo wa sili, pamoja na vumbi, huchimba mfuo katika flanji; sili mpya haiwezi kuuziba.

Sababu ya pili ni kanieneo. Giaboksi hupumua kwa tundu dogo. Tundu likizibwa na matope, hewa iliyo ndani ikapata joto kutoka 27°C hadi 87°C, yaani kutoka Kelvini 300 hadi 360, kanieneo yake huongezeka kwa moja ya tano, na kuisukuma oili nje.

Basi fundi huanza kwa kuzuia magurudumu kwa magogo, kwani propela ikifunguliwa breki hiyo haishiki tena. Huzibua tundu, hupapasa flanji kwa ukucha na kuibadilisha ikiwa na mfuo, hutia sili mdomo ukielekea kwenye oili, na kuondoa viatu vilivyolowa. Mwisho hujaza oili mpaka kipimo chake.

Anayetibu dalili tu huirudia kazi.